Mzazi akija Minnesota msimwache sebuleni: safari yetu ya Gooseberry Falls na Mama

Nansio61 (mleta uzi)

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu wanajamvi.

Uzi huu ni kwa wote wenye wazazi waliokuja Marekani kulea wajukuu, hasa sisi wa Minnesota na majimbo ya jirani. Ni mrefu kidogo, naomba mnivumilie.

Tunajua inavyokuwa. Mzazi anatua Minneapolis, tunampokea na koti mkononi, tunamfikisha nyumbani, na kuanzia siku hiyo dunia yake ni sebule, jiko na chumba cha mtoto. Sisi tunatoka alfajiri kwenda kubeba boksi, yaani vibarua vyetu vya huku, tunarudi giza limeingia. Yeye anashinda dirishani akihesabu magari. Wikiendi ni kanisani au msikitini, kisha dukani. Miezi sita inaisha, anarudi, majirani wanamzunguka wamuulize Marekani kukoje, na hana cha kuwasimulia.

Baba yangu alikuja hivyo mwaka 2017. Nilikuwa na kazi mbili, nikawa namwambia "Mzee, mwezi ujao nitakutembeza." Mwezi ujao haukufika. Alirudi kwetu Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na miaka mitatu baadaye akafariki. Sijawahi kumwonyesha chochote cha nchi hii zaidi ya barabara ya kwenda dukani. Kwa hiyo Mama alipokuja mke wangu alipojifungua, nilijiapiza kwamba safari hii haitakuwa hivyo.

Mama ana miaka 68. Magoti yanamsumbua, ngazi hazipendi, na akichoka anataka kukaa hapo hapo. Nilichokuwa natafuta ni mahali ambapo gari linafika karibu, choo kipo cha uhakika, mwendo ni mfupi, njia haina mashimo, na mwisho wa njia kuna kitu chenye kustahili safari. Mfanyakazi mwenzangu, mzee mmoja aliyezaliwa huku, akaniambia: nenda Gooseberry Falls. Ni hifadhi ya jimbo, iko ufukweni mwa Ziwa Superior, maili 13 kupita mji wa Two Harbors kwa barabara namba 61.

Tuliondoka Brooklyn Park saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ukishika barabara ya 35 kwenda kaskazini ni kama saa mbili na nusu mpaka Duluth, halafu dakika arobaini na tano hivi mbele yake. Mama alikuwa anasinzia na kanga yake kichwani. Gari lilipoanza kuteremka kilima cha kuingia Duluth akafumbua macho, akaona maji yamejaa kioo chote cha mbele, akakaa wima.

"Hii bahari gani, baba?"

Nikamwambia siyo bahari Mama, ni ziwa. Akanyamaza. Mtu aliyekulia Ukerewe humdanganyi habari za ziwa. Akauliza ng'ambo iko wapi. Nikamweleza kwamba kwa upana wa eneo hili ndilo ziwa la maji baridi kubwa kuliko yote duniani, kilomita za mraba 82,000 hivi, na linalolifuata ni letu, Victoria, lenye 68,800. Akatikisa kichwa taratibu, akasema, "Kumbe lina dada." Na tangu hapo mpaka tunarudi usiku alikuwa akiliita hivyo, dada yake Nyanza.

Sasa niseme ya hifadhi yenyewe. Ukitoka barabara ya 61 unaingia moja kwa moja kwenye maegesho ya jengo la wageni. Hapo hamlipi kitu. Mabustani mengi ya jimbo yanadai kibali cha gari, lakini maegesho haya ni sehemu ya mapumziko ya barabara kuu, kwa hiyo mtu anaegesha, anaingia chooni (vyoo viko ndani ya jengo, vya maji, visafi, vina joto), na anatembea kwenda kwenye maporomoko bila kutoa hata dola. Nilipolipa ni baadaye, tulipotaka kushuka na gari mpaka ufukweni. Tulipokwenda kibali cha siku kilikuwa dola 7, cha mwaka mzima dola 35, na hicho cha mwaka kinatumika hifadhi zote za jimbo.

Kutoka kwenye jengo njia ni ya lami, pana, na ina benchi. Mama alishika mkongojo wake mkono mmoja na mimi mkono wa pili, lakini baada ya hatua kama hamsini aliniachia. Kabla hujaona maji unayasikia. Halafu miti inaachana, unayaona: maporomoko ya kati, mto umetanuka juu ya mwamba mweusi uliokatika kama ngazi za jengo kubwa, maji yanagawanyika mikono mitatu minne, yanakutana tena chini na povu jeupe. Ya juu yako karibu na daraja la barabara, kama futi 30 hivi, na chini ya daraja lile kuna njia ya waenda kwa miguu, unasimama na mto unapita chini yako. Ya chini ndiyo makubwa zaidi, kama futi 60, lakini kuyafikia karibu kuna ngazi. Ukizunguka yote matatu na kurudi ni kilomita moja na ushee tu.

Mama alisimama pale kwenye ukuta mdogo wa mawe, akaegemea, na kwa muda hakusema neno. Matone madogo yalikuwa yanampata usoni naye hakuyafuta. Kisha akaniuliza swali ambalo kila mtu atauliza: mbona maji ni mekundu, ni machafu? Kweli, rangi yake ni kama chai ya rangi iliyokolea. Siyo uchafu. Mto unatokea kwenye mabwawa na misitu huko juu, majani na magome yanaloweka maji njia nzima, kama vile unavyoloweka majani ya chai. Hata lile povu linatokana na mimea hiyo hiyo. Mama akaelewa mara moja, akasema, "Basi ni dawa."

Ngazi za kushuka kwa ya chini alizikataa kwanza. Tukakaa kwenye benchi, tukanywa chai ya chupa na maandazi. Baada ya nusu saa akasimama mwenyewe: "Twende polepole." Tulishuka ngazi moja moja, tukipisha watu, tukipumzika. Dada mmoja mzungu aliyekuwa anapanda na watoto alijibana pembeni akamshikia kichaka kisimkwaruze. Tulipofika chini Mama alikuwa anahema, lakini uso ule sijauona tangu msiba wa Baba.

Mchana tulishuka na gari ufukweni. Kuna sehemu lava ya kale imelala tambarare inaingia majini kama sakafu iliyoinama, na meza za kulia ziko juu yake kidogo chini ya miti. Tulikuwa na hotpoti la pilau, kachumbari, kuku wa kuchoma. Mama alivua viatu, akainama kwenye ukingo, akachota maji kiganjani, akaonja. "Kweli, hayana chumvi." Halafu akatoa mkono haraka, maana ni maji baridi kwa maana zote mbili, wastani wa ziwa hilo kwa mwaka ni nyuzi 4 tu.

Aliokota jiwe dogo jekundu lenye mistari, akataka kulipeleka kwa wajukuu wa Nansio, kwetu Ukerewe. Nikamwambia Mama, ndani ya hifadhi ya jimbo hairuhusiwi kuchukua mawe wala mimea. Hakubisha. Alilirudisha pale pale alipolitoa, upande uliokuwa juu ukawa juu.

Ndiyo hayo. Siyo lazima iwe Gooseberry, lakini kwa mzazi mwenye magoti mabovu sijaona pazuri kuliko hapo. Wenye maswali karibuni.

---

DadaMoshi

Ahsante sana kwa uzi huu kaka, na pole kwa Mzee. Umenigusa. Mama yangu yuko kwangu St. Cloud, huu ni mwezi wake wa tatu, na kweli hajatoka zaidi ya kliniki na dukani. Ana kisukari na presha, na haja ndogo humshika ghafla. Hofu yangu ni choo na kuchoka katikati ya njia. Na ngazi hizo, ni lazima?

---

Nansio61

Dada, siyo lazima hata kidogo. Kuanzia kwenye jengo mpaka mahali pa kuyaona maporomoko ya kati na ya juu hakuna ngazi, nimeona watu wakisukuma wazee kwenye viti vya magurudumu. Ngazi zinaanza ukitaka kushuka kwa ya chini. Choo kiko kwenye jengo, na ukiwa kwenye maporomoko hujaenda mbali, dakika chache unarudi. Njiani simameni Duluth na Two Harbors. Mbebee kitu cha kula mkononi, msisubiri mpaka mfike.

---

FundiMawe

Mimi ni fundi ujenzi, nilikwenda na watoto nikajikuta natazama kuta kuliko maji. Wakuu, mkifika msipite tu. Ule ukuta mrefu karibu na barabara, wenyewe wanauita kasri la hifadhini, una urefu wa futi 300. Mawe yamechongwa moja moja, mengine mekundu mengine ya kijivu na meusi, na viungo vyake mpaka leo huoni ufa wa maana.

Waliojenga ni vijana wa Civilian Conservation Corps, mpango alioanzisha Rais Franklin Roosevelt mwaka 1933 wakati nchi hii ilikuwa haina kazi kabisa. Pale Gooseberry walifanya kazi kuanzia 1934 hadi 1941: kuta, nyumba za mawe na magogo, meza, njia. Malipo yalikuwa dola 30 kwa mwezi, na dola 25 kati ya hizo zilitumwa moja kwa moja kwa wazazi wao. Kijana alibaki na tano mfukoni.

Niliposoma hivyo nilirudi nikaweka mkono kwenye lile jiwe. Mtoto wa watu wa miaka kumi na nane, yuko kambini kwenye baridi ya Minnesota, na karibu mshahara wote unakwenda nyumbani. Nani kati yetu hapa hajui hali hiyo?

---

Nansio61

Mkuu hilo sikulijua, na nilikaa karibu na ukuta huo nikimfunga Mama kanga mabegani. Ahsante. Nitamsimulia leo leo kwenye simu.

---

MwalimuNakuru

Nachangia kutoka Kenya, nafundisha jiografia kidato cha tatu. Mleta uzi ametaja mwamba mweusi na lava, na hapo kuna jambo ambalo wanafunzi wangu hulipenda sana.

Miaka bilioni 1.1 iliyopita, bara la Amerika Kaskazini lilianza kupasuka katikati. Lava ikatoka kwenye nyufa tabaka juu ya tabaka, na ndiyo hiyo mnayoikanyaga Gooseberry. Kisha mpasuko ukasimama, bara halikugawanyika. Ukanda ule uliojaa lava nzito ukadidimia, na maelfu ya miaka ya barafu yakaja kuuchimba zaidi, ndipo likapatikana shimo la Ziwa Superior. Sasa tazameni kwetu: Bonde la Ufa ni kitu hicho hicho, ila letu bado linaendelea. Ardhi ya Nakuru ninapoandikia inavutwa polepole kila mwaka. Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya mkono wa magharibi wa ufa huo. Victoria lenyewe liko katikati ya mikono miwili, ndiyo maana ni pana lakini halina kina, kama mita 80 tu, wakati Superior linafika mita 406.

Na lile jiwe jekundu la mistari aliloliokota Mama, nadhani ni akiki. Lava ilipokuwa inaganda iliacha vitundu vya mapovu ya gesi, maji yenye madini yakapita humo miaka na miaka, yakajaza kitundu mstari baada ya mstari. Alikuwa ameshika povu la volkeno mkononi.

---

Kijana_wa_Duluth

Naishi hapo jirani, niongeze ya hatari, maana uzi umesema mazuri tu.

Mawe yaliyolowa yanateleza vibaya. Lava ile imesuguliwa na maji mpaka imekuwa laini kama sabuni, na watu wanapanda na kandambili. Watoto washikwe mkono muda wote. Mwezi wa nne na wa tano theluji inapoyeyuka, maji yanakuja kwa nguvu ya ajabu; ndiyo wakati mzuri kuliko wote kuyaangalia na mbaya kuliko wote kuyasogelea. Kiangazi kikikolea, bila mvua, yanapungua, mtaona mwamba mwingi kuliko maji. Msije Agosti kavu mkasema mmedanganywa.

Mwezi wa sita kuna mbu na vijidudu vyeusi vinavyouma. Kupe pia wapo majanini, kwa hiyo mkirudi kagueni miguu ya wazee na watoto. Dubu weusi wapo kwenye misitu ya huku, ila kwenye njia yenye watu wengi hivyo sijawaona. Chakula tu msikiache mezani.

Na hata Julai bebeni sweta. Mjini Minneapolis inaweza kuwa joto la kutoa jasho, ukifika ufukweni upepo wa ziwa unakuchapa.

---

BintiTanga

Mimi wasiwasi wangu ni mwingine. Mama yangu anavaa baibui na tunaswali. Huko kaskazini ni weupe watupu, hatutakodolewa macho? Na kuna pa kuswali?

---

Nansio61

Dada yangu, sitakuficha, watu wanatazama. Mama alikuwa na kitenge na kanga, alitazamwa. Lakini wengi walimsalimu, na siku ile tulikuta familia mbili za Kisomali zimetandika mikeka chini ya miti ufukweni, wanaume wameswali adhuhuri pale pale kwenye nyasi, bibi yao amekaa kwenye kiti cha kukunja. Mama alikwenda kuwasalimu. Hawakuelewana lugha ila neno "chai" walielewana, tukabadilishana maandazi na sambusa.

---

Boksi_Mbili

Mimi niseme ukweli. Haya ni mazuri kwa mwenye nafasi. Nina kazi mbili, Jumamosi naingia saa kumi na mbili, Jumapili nalala. Mafuta ya kwenda na kurudi maili karibu 400 nayo yanauma. Mzazi anakuja kusaidia, na yeye anajua.

---

Nansio61

Ndugu yangu, sikulaumu, maneno yako ndiyo niliyokuwa nayasema mimi 2017, neno kwa neno. Na Baba naye alikuwa anajua, hakulalamika hata siku moja. Ndiyo inayoniuma zaidi.

Kama Gooseberry ni mbali, anza na Minnehaha hapo hapo Minneapolis. Ni bustani ya mji, maporomoko yake yana futi 53, treni inashusha karibu kabisa, hata saa mbili zinatosha ukitoka zamu. Kama uko upande wa kaskazini mwa jiji, niandikie inboksi, Jumamosi nisipokuwa kazini nitampitia mzee wako pamoja na Mama. Nasema kwa dhati.

---

Boksi_Mbili

Nimekuandikia.

---

MwalimuNakuru

Mleta uzi, mliishia hapo au mlikwenda kwingine? Nasikia kuna mnara wa taa maarufu.

---

Nansio61

Tulikwenda mwalimu. Split Rock, dakika kama kumi mbele. Mnara uko juu ya jabali refu linaloning'inia ziwani. Kuingia ni kwa malipo, na kuutazama vizuri kutoka ufukweni kuna mwendo ambao Mama asingeuweza, kwa hiyo tulikaa juu.

Mwongozo alieleza kwamba Novemba 1905 dhoruba iliharibu meli karibu thelathini kwenye ziwa hili, na serikali ikajenga ule mnara, ukawashwa 1910. Nikamtafsiria Mama. Akauliza, "Kwa hiyo walijenga watu walipokwisha kufa?" Nikasema ndiyo Mama. Akatazama maji muda mrefu. Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara, alikuwa Nansio, na alikwenda kuwasaidia waliokuwa wanatafuta ndugu zao. Alitaja majina mawili matatu kwa sauti ndogo, kisha akaomba tuondoke.

---

DadaMoshi

MREJESHO wanajamvi.

Nimempeleka Mama Jumamosi iliyopita. Tulisimama mara nne njiani, tulifika saa tano. Majani yameanza kuwa mekundu na ya njano, sijui niwaelezeje. Alitembea mpaka kwenye ukuta wa mawe, akapumzika mara mbili tu, sukari nilimpima kabla na baada, ikawa sawa. Ngazi hatukuzigusa.

Akiwa pale akadai simu, akawapigia dada zake Moshi kwa video, akageuza kamera kwenye maji. Mama mdogo akamwambia maporomoko ya Materuni ni marefu kuliko hayo mara nyingi. Ni kweli, Materuni yanafika kama mita 80. Mama akamjibu, "Najua, nimezaliwa chini yake. Lakini Materuni sijapanda miaka ishirini, na hapa nimefika kwa miguu yangu."

Kaka, anakusalimu. Anasema mkienda tena mwezi wa tano tuambatane, yeye atapika machalari.